Darasa la kwanza katika shule ya Kikatoliki: tathmini ya babu aliyeshika chaki

Kwanza nitoe alama, maana najua wengi mnasoma mistari miwili kisha mnaondoka: nyota nne kati ya tano. Nilifundisha madarasa ya chini hadi nikastaafu, na mwaka huu nimekuwa mtu wa kusubiri nje ya geti kama wengine, babu wa mtoto wa darasa la kwanza katika shule ya parokia inayoendeshwa na masista. Wazazi wake hurudi kutoka kazini usiku, kwa hiyo kazi za nyumbani zimeniangukia mimi. Ninayoyaandika hapa sikuyasikia kwa jirani; nimeyasahihisha kwa kalamu yangu.

Jina la shule naliacha. Mambo ya dini yanayofundishwa darasa la kwanza yanafanana sana katika shule za Kikatoliki popote uendapo, na mzazi anayetafakari kumpeleka mtoto wake anahitaji kujua atajifunza nini, si kujua mimi niko shule gani.

Mafundisho ya dini huanzia mkononi. Wiki za mwanzo kitabu cha dini hakikufunguliwa kabisa. Ilikuwa ni Ishara ya Msalaba tu: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Mnaoona hilo ni jambo dogo hamjawahi kusimama mbele ya watoto wa miaka sita. Mwalimu akiwaelekea, wao huiga wanachokiona; kulia kwake ni kushoto kwao, na nusu ya darasa inaanzia bega la kulia. (Wakatoliki wa baadhi ya makanisa ya Mashariki ndivyo wanavyofanya, na ni haki yao, lakini shule yetu si ya huko.) Sista aliwapa mgongo. Aligeukia ubao, akasimama kama mmoja wao, akainua mkono polepole, na darasa zima likamfuata bila kukosea bega. Nilikuwa dirishani nimeleta daftari lililosahaulika nyumbani. Nikasema kimoyomoyo, huyu kazi anaijua.

Kisha zikafuata sala: Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba, sala kwa malaika mlinzi, sala kabla na baada ya chakula. Kabla mwaka haujafika katikati mtoto alikuwa nazo zote kichwani. Siri yake ni utaratibu. Hukariri kidogo kila siku, saa ileile, wamesimama, mikono imekutanishwa kifuani, sentensi moja mpya juu ya zile za jana. Mjukuu wangu alipoanza, ukimpa maagizo mawili alirudi kuuliza la pili lilikuwa lipi. Sasa nampa manne na anayatimiza kwa mpangilio niliomtajia. Kumbukumbu ndiyo bidhaa bora kuliko zote inayouzwa na shule hizi, na mbele nitaeleza kwa nini ndiyo pia inayohitaji kuangaliwa kwa jicho kali.

Sisi wa zamani tulifundishwa katekisimu kwa maswali na majibu. Nani aliyekuumba? Mungu aliniumba. Tulijibu kabla swali halijafika mwisho, na aliyekwama alibaki amesimama. Siku hizi hadithi inatangulia na swali linakuja nyuma yake. Nilikuja na mashaka juu ya mtindo huo, lakini umenishawishi. Walipomaliza hadithi ya uumbaji, mtoto alijua kwamba nuru ilikuja siku ya kwanza na jua siku ya nne, na alitaka nimweleze nuru ya siku tatu za mwanzo ilitoka wapi. Swali hilo lina umri wa karne nyingi, na mimi sikulisikia kwa mtoto hata mmoja enzi za kukariri majibu. Hadithi ileile ikawafundisha pia siku za juma na namba za mpangilio, ya kwanza hadi ya saba, bila kutenga kipindi kingine.

Mtaala wenyewe una mantiki ambayo wazazi wengi hawaelezwi. Mwaka 1910 Papa Pius X aliagiza kwamba mtoto apokee Komunyo, yaani mkate uliowekwa wakfu katika Misa, anapofikia umri wa kupambanua mambo, yaani karibu miaka saba. Kabla ya hapo sehemu nyingi watoto walisubiri hadi miaka kumi, kumi na miwili, au zaidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo inamchukulia aliyetimiza miaka saba kuwa tayari anaweza kutumia akili yake. Ndiyo maana katika nchi nyingi maandalizi ya Kitubio (kuungama dhambi) na Komunyo ya Kwanza hufanyika darasa la pili, ingawa kuna mahali ambapo watoto hungoja hadi wakue zaidi. Darasa la kwanza kazi yake ni kumjulisha mtoto nyumba na wenyeji wake kabla hajaalikwa mezani. Kwa hiyo msishangae daftari likiwa na michoro mingi na amri chache. Amri Kumi wamezigusa tu, kwa namna ya kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Sakramenti waliyoisoma kwa kina ni Ubatizo.

Na Ubatizo ulituletea kasheshe ya kupendeza nyumbani. Kazi ya nyumbani: andika tarehe uliyobatizwa, na majina ya wasimamizi wako. Wazazi walikuwa wanakumbuka picha, nguo nyeupe, hata mvua ya siku ile, lakini si tarehe. Tulipekua mabahasha mpaka cheti kikapatikana ndani ya faili la bima. Darasani wapo pia watoto ambao si Wakatoliki, na nilikuwa na hamu ya kuona wangefanywaje. Wao waliambiwa waulize nani aliwapa jina na kwa nini. Wakasimama mbele kusimulia kama wenzao, na nasikia hadithi zao ndizo zilizochangamsha darasa. Katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, juu ya elimu ya Kikristo, la tarehe 28 Oktoba 1965, Kanisa linasema wazi kwamba linazithamini sana shule zake zinazosomesha na wasio Wakatoliki. Wazazi wa dini nyingine muwe na hakika ya jambo moja hata hivyo: mtoto wako atazijua sala zote. Hata asipolazimishwa kuzisali, atazisikia kila siku ya shule na atazishika. Kama hilo linakukera, tafuta shule nyingine mapema kuliko kuja kugombana mwezi wa tatu.

Kipindi nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha kondoo aliyepotea, Luka sura ya 15. Kondoo 100, mmoja hayupo. Sista aliisimulia hadithi asubuhi, na kipindi cha hisabati kilipofika akaiendeleza. Watoto wakachora safu kumi za kondoo kumi kumi, wakamwondoa mmoja, wakahesabu upya: safu kamili tisa, na katika ile ya mwisho tisa. Makumi tisa na mamoja tisa. Miaka niliyofundisha, makumi na mamoja yalikuwa yananila muhula mzima kwa vijiti na mafungu, na bado kuna mtoto angeandika 909 kwa tisini na tisa. Katika daftari la mjukuu wangu yule mmoja hajafutwa. Amechorwa pembezoni, nje kabisa ya safu, na nilipouliza akanijibu, “Babu, hajafa, amepotea tu.” Hesabu ni sahihi, nikaweka vema.

Hesabu nyingine sina la kusimulia sana: kujumlisha na kutoa hadi 20, kuhesabu hadi 100, saa kamili na nusu saa, maumbo. Ziko sawa na za shule yoyote nzuri. Sayansi ni viumbe hai na visivyo hai, sehemu za mwili, mbegu iliyooteshwa kwenye pamba yenye maji. Kila mada hufungwa kwa kumshukuru Muumba, nami sina ugomvi na hilo maadamu mbegu kwanza imeangaliwa, imepimwa kwa rula na kuchorwa. Imefanyika hivyo.

Ukutani kuna kalenda ya mwaka wa Kanisa, duara lenye rangi: zambarau kwa Majilio (majira ya Jumapili nne kabla ya Noeli) na Kwaresima, nyeupe kwa Noeli na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste na sikukuu za mashahidi, kijani kwa kipindi cha kawaida ambacho ndicho kirefu kuliko vyote. Mshale wa karatasi husogezwa na mtoto wa zamu. Niliwahi kudhani hayo ni mapambo. Kumbe ni somo la wakati. Mtoto wa miaka sita ukimwambia “mwezi ujao” hana anachokiona, lakini ukimwambia mishumaa miwili ya Majilio imewashwa na miwili bado, anajua Noeli iko umbali gani, na anajua pia kwamba ule wa waridi ni wa Jumapili ya tatu. Watakatifu nao huingia kwa tarehe zao: Fransisko wa Asizi tarehe 4 Oktoba, Nikolasi tarehe 6 Desemba. Walipotengeneza pango la Noeli darasani waliambiwa kwamba mwaka 1223, kijijini Greccio huko Italia, Fransisko aliandaa pango lenye ng'ombe na punda wa kweli. Nikaulizwa kwa nini la shule lina wa udongo. Swali hilo nimelirudisha kwa sista.

Kanisani huenda darasa zima, mara nyingine wakati hakuna Misa, kwa ajili ya kujifunza tu. Hapo wanaonyeshwa altare, mimbari ya kusomea Neno, kisima cha ubatizo, tabernakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi (mkate wa Komunyo), na taa inayowaka kando yake kuonyesha kwamba Ekaristi imo. Wanajifunza kupiga goti la kulia hadi chini na kuinuka bila kushika benchi, jambo ambalo kwa miguu ya umri ule ni mazoezi ya viungo kamili. Wanafundishwa kwamba sanamu haziabudiwi, ni ukumbusho wa waliotutangulia. Na wanafundishwa kukaa kimya. Dakika chache tu, macho wazi, bila adhabu. Sikuwahi kuifundisha nidhamu hiyo, kwa kuwa sikuwa na mahali pa kuwapeleka watoto palipokuwa pameshatulia kabla yao.

Sasa nyota iliyokosekana.

Kusoma. Darasa linasoma kwa pamoja: sista anasoma mstari, watoto wanaurudia, mstari unaofuata, wanaurudia. Nje ya dirisha unasikia kwaya. Nyumbani mjukuu alinifungulia kitabu akanisomea ukurasa mzima kwa sauti ya kujiamini, na mama yake karibu alie kwa furaha. Mimi nilikuwa natazama kidole. Kidole kilikuwa mstari mmoja nyuma ya mdomo. Nikaifunika picha kwa kiganja, akasita. Nikamwonyesha neno lililo katikati ya mstari nikamwuliza ni lipi hilo. Akarudi mwanzo wa mstari, akaanza kuusema, ili alifikie. Mtoto wa namna hiyo bado hasomi. Anakumbuka.

Hapo ndipo uimara wa shule hizi unapokuwa mtego. Mtoto aliyezoezwa kila siku kushika sala ndefu kwa sikio anaweza kushika kitabu chote cha darasa la kwanza kwa sikio hilohilo. Kwingine mtoto asiyejua kusoma anajulikana mapema kwa kuwa ananyamaza. Hapa hanyamazi, anaimba na wenzake, na ripoti inakuja nyumbani imeandikwa “anasoma vizuri”. Tulikata kadi za silabi tukazichanganya, tukaanza upya na ba, be, bi, kisha zile zinazowasumbua: mb, nd, ny, ng', th na dh. Nikamtungia maneno yasiyo na maana, ambayo hakuna sikio lililowahi kuyasikia, ayasome. Kufikia mwisho wa mwaka anasoma kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika sebuleni kwangu, na si kila mtoto ana babu aliyestaafu ualimu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba dawa imo ndani ya mapokeo yao wenyewe. Jean-Baptiste de La Salle, padre Mfaransa aliyeanzisha shirika la mabruda walimu mwaka 1680, ambaye Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa walimu mwaka 1950, aliwafundisha watoto wa maskini kusoma kwa Kifaransa, lugha yao, badala ya kuwaanzisha na Kilatini. Tena katika shule zake mmoja alisoma kwa sauti huku wenzake wakifuata kimya kwenye kitabu hichohicho, tayari kuitwa wakati wowote. Ukiitwa na hujui mwenzako amefika wapi, umeonekana.

Nilikwenda kuonana na sista.

“Sista, watoto wanakuimbia kitabu.”

“Mwalimu, na wewe unajua darasa lilivyo,” akasema. “Nikimshika mmoja, waliobaki wafanye nini?”

“Wafuate kwa kidole.”

Alicheka, akaniambia mimi nimekaa sana nyumbani, vidole vya siku hizi havifuati. Hata hivyo muhula wa mwisho alianza kuwaita watatu watatu mezani kwake wakati wengine wanaandika. Kwa hilo namheshimu. Kuna walimu wenzangu ambao mzazi akiwaambia neno kama lile angepokelewa na mlango.

Mwandiko ni mzuri, labda mzuri kupita kiasi. Ukurasa mmoja wa herufi a, wote umenyooka, kisha ukurasa wa pili wa herufi a. Nadhani muda wa ukurasa wa pili ungetosha kuandika sentensi mbili za mtoto mwenyewe. Katika madaftari yote nimekuta sentensi chache sana alizotunga yeye. Nyingi zimenakiliwa ubaoni.

Na kuna jambo lililonikasirisha. Mwalimu mmoja wa zamu aliwaambia watoto kwamba anayesema uongo ataungua motoni. Usiku ule mtoto aliniamsha kuuliza kama kusema umekula wakati hujala ni uongo wa moto. Nilipolifikisha kwa sista alikunja uso. Akasema wao kwa umri huu wanafundisha mfano wa baba aliyemkimbilia mwanawe aliyerudi, na namna ya kuomba msamaha na kurekebisha ulichoharibu. Nikaona kweli ndivyo lilivyo daftari. Lakini mtoto hafundishwi na daftari peke yake, anafundishwa na kila mtu mzima aliyemo uwanjani, na shule inayofundisha dini inabidi ichunguze midomo ya walimu wa zamu kuliko shule nyingine yoyote.

Tabia njema zimeingia bila kelele: kusalimu, kupanga foleni, kurudisha kilichookotwa, kumwomba mwenzako radhi ukimtazama. Pia wapo katika Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa na askofu Mfaransa Charles de Forbin-Janson mwaka 1843 ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka ndogo. Kila mmoja ana kikopo chake cha Kwaresima. Mjukuu alitia humo sarafu zake mwenyewe, kisha akaja kukusanya zangu kwa bidii ya mtoza ushuru.

Wazazi mjiandae kwa vikao. Lile tamko la 1965 linasema pia kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na sijawahi kuhudhuria kikao ambacho kauli hiyo haikutajwa, kwanza tulipokuwa tunaambiwa turudie sala nyumbani, halafu tena ilipofika zamu ya michango. Michango ni mingi. Mingine inaeleweka, mingine inafika kwa karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari siku moja kabla ya tarehe ya mwisho.

Ukienda kutafuta nafasi, usiishie kwenye fomu na ukuta wenye picha. Omba ukae nyuma ya darasa wakati wa kipindi cha kusoma, kisha omba mtoto mmoja aitwe na afunguliwe ukurasa ambao bado hawajaufikia. Mimi niliruhusiwa, mwisho wa mwaka. Sista alimchagua msichana wa dawati la nyuma, si mmoja wa wale wanaonyoosha mikono. Mstari ulikuwa na maneno sita. Manne aliyasoma. La tano alilipigania silabi kwa silabi mpaka likatoka. La sita alilitazama, akamtazama sista, akasema hajui. Sista akamwambia, “Vizuri, njoo tulisome,” wakalisoma.